Mtoto wa Kinyozi Aliyeipeleka Bahari Maonyeshoni

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kichochoro cha Maiden Lane, jijini London, palikuwa na kinyozi mmoja aliyeitwa William Turner. Kazi yake ilikuwa kunyoa ndevu na kutengeneza nywele za bandia, ambazo mabwana wa siku zile walizivaa kama sisi tuvaavyo kofia. Lakini mteja aliyeingia dukani humo aliona na bidhaa ya pili. Dirishani palitundikwa michoro ya mtoto wa kinyozi, na kila mchoro ulikuwa na bei yake, shilingi 1 hadi 3. Mteja aliweza kuondoka na kidevu safi, na picha kwapani.

Mtoto huyo, Joseph Mallord William Turner, alizaliwa mwaka 1775, na hadi leo anahesabiwa kuwa miongoni mwa wachoraji wakubwa kabisa wa bahari waliopata kutokea. Sura yake imo katika noti ya paundi 20 ya Uingereza iliyotolewa mwaka 2020. Yasemekana kwamba baba yake, wembe mkononi, alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba mwanawe atakuwa mchoraji.

Nimeanza na kinyozi huyu kwa makusudi, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Mtoto akichora ukutani kwa mkaa, sisi aghalabu humpa kitambaa na maji afute. Kinyozi wa Maiden Lane aliona kazi, akaipa bei, akaitundika mahali ambapo watu wangeiona. Hayo yalikuwa maonyesho ya kwanza ya Turner.

Juzi nyumbani binti yangu mwenye umri wa miaka minane alinichorea bahari. Alipiga mstari mmoja wa buluu, juu yake akaweka jahazi, juu ya jahazi akaweka jua. Nilimsifu, kama wazazi wote tufanyavyo. Kisha nikajiuliza kama mimi, niliyekulia karibu na maji, ningeweza kuchora zaidi ya hapo. Nikaona kwamba nisingeweza. Mtu hukaa kwenye kiti akachorwa. Nyumba husimama. Mti hungoja. Bahari haingoji: wimbi unalolitazama limekwisha kuvunjika kabla hujachovya brashi. Basi ni vipi mtu huiandaa bahari hata ikaweza kutundikwa ukutani, siku iliyopangwa, mbele ya watu waliolipa kiingilio?

Kwa Turner swali hilo lilikuwa la kila mwaka. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alikubaliwa kuingia katika shule ya Royal Academy, jumuiya ya wasanii iliyoanzishwa mwaka 1768 kwa idhini ya Mfalme George wa Tatu. Mwaka uliofuata, 1790, mchoro wake wa rangi za maji ulikubaliwa katika maonyesho ya jumuiya hiyo, yaliyofanyika kila majira ya kuchipua. Tangu hapo hadi mwaka 1850, yaani mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, ilikuwa ni miaka michache tu ambayo jina lake lilikosekana katika orodha. Kwa hiyo maisha yake yote yalikwenda kwa kalenda ya namna moja: majira ya joto kutembea na kutazama, majira ya baridi kufanya kazi chumbani, mwezi wa Mei kuhukumiwa hadharani.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama yake, Mary, alikuwa na maradhi ya akili. Mwaka 1800 alilazwa katika hospitali ya Bethlem, na mwaka 1804 akafariki. Baba ndiye aliyebaki. Mzee huyo aliacha kinyozi, akahamia kwa mwanawe, akawa msaidizi wake: alizitandaza turubai kwenye fremu kabla ya kazi kuanza, na picha zilipokwisha akazipaka vanishi. Turner alikuwa akitania kwamba baba yake ndiye anayezianza picha zake na ndiye anayezimaliza. Waliishi pamoja hivyo hadi mzee alipofariki mwaka 1829, na waliomfahamu Turner walisema kwamba baada ya hapo hakuwa tena mtu yule yule.

Madaftari mfukoni

Turner hakuzaliwa pwani. Alichokuwa nacho karibu ni mto Thames, pamoja na gati zake, mashua zake na wapiga makasia wake. Alipokuwa mtoto alipelekwa kwa muda Margate, mji mdogo wa pwani mashariki mwa London, na huko aliurudia mara nyingi hata uzeeni. Picha yake ya kwanza ya rangi za mafuta katika maonyesho ya Royal Academy, mwaka 1796, alipokuwa na umri wa miaka 21, ilikuwa ya wavuvi baharini usiku. Mbalamwezi imetoka mawinguni, maji yameinuka kama kilima, na katikati ya weusi huo wote kuna mashua ndogo yenye taa. Mtu yeyote aliyewahi kuona taa za karabai za wavuvi wetu zikipanda na kushuka usiku wa manane ataielewa picha hiyo bila kuelezwa.

Silaha yake kubwa ilikuwa daftari dogo la mfukoni na penseli. Aliacha madaftari ya namna hiyo yapatayo 300. Mwaka 1819, alipokuwa Naples, Italia, kijana mmoja Mwingereza aliandika nyumbani kueleza jinsi wachoraji wengine walivyomshangaa kwa kutopaka rangi palepale nje. Jibu la Turner lilikuwa kwamba kazi hiyo ingemla wakati. Katika muda wa kupaka mchoro mmoja rangi, yeye huweza kuchora 15 au 16 kwa penseli. Rangi aliibeba kichwani. Mistari michache ya penseli ilikuwa ya kumkumbusha tu mahali pa kuanzia.

Kichwa hicho kilijazwa kwa bidii. Mwaka 1802, vita vya Uingereza na Ufaransa viliposimama kwa muda, Turner alivuka kwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza. Bahari ilikuwa imechafuka, na mashua iliyowapeleka pwani Calais nusura ijae maji. Abiria mwingine angefika nchi kavu, akamshukuru Mungu na kutafuta nguo kavu. Turner aliandika katika daftari lake kwamba walikaribia kuzama, na kurasa zake zikajaa mawimbi, matanga na watu walioinama. Mwaka uliofuata, 1803, picha kubwa ya gati la Calais ilitundikwa katika maonyesho: upepo mkali, wavuvi wakihangaika kutoka, meli ya abiria ikihangaika kuingia.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1813, alikuwa Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Yeye na wenzake walipanda mashua kwenda kisiwa kidogo cha Burgh. Mwandishi wa habari mmoja aliyekuwamo, Cyrus Redding, ameacha maelezo ya safari hiyo. Mawimbi yalikuwa makubwa, na baadhi ya wasafiri walishikwa na kichefuchefu, wakalegea kama nguo zilizoloweshwa. Turner aliketi nyuma, tezi, akiyatazama maji bila kusema neno. Walipofika kisiwani alitoa penseli yake akapanda mahali pa juu ili aendelee kutazama.

Ipo hadithi nyingine, mashuhuri kuliko hizi. Mwaka 1842 alionyesha picha ya meli ya mvuke ndani ya tufani ya theluji, na katika anwani yake aliandika kwamba yeye mwenyewe alikuwamo katika tufani hiyo. Inasemekana alieleza kuwa aliwaambia mabaharia wamfunge kwenye mlingoti kwa kamba, akakaa hivyo saa nne akiitazama bahari, pasipo kutumaini kuponea. Alikuwa na umri wa miaka 67. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka hadithi hiyo, na mimi naungana nao. Lakini mtu aliyekaa tezi akitazama wakati wenzake wanatapika hakuhitaji kamba.

Ukucha wa dole gumba

Kutazama ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ilifanyika ndani, mlango umefungwa, kwa kuwa Turner hakupenda kuonekana akifanya kazi. Ndiyo sababu tuna bahati kwamba mtoto mmoja alishuhudia.

Mwaka 1818 Turner alikuwa mgeni wa rafiki yake Walter Fawkes, huko Farnley, Yorkshire. Fawkes alikuwa mwanasiasa na mpinzani wa biashara ya watumwa, jambo ambalo nitalirudia. Asubuhi moja, wakati wa kifungua kinywa, mwenyeji huyo alimwomba mgeni wake amchoree picha itakayompa fununu ya ukubwa wa manowari. Turner akacheka, akamwita mtoto wa kwanza wa mwenyeji wake aje naye, wakaingia chumbani.

Simulizi ya familia hiyo yaeleza kwamba alianza kwa kumwagia karatasi rangi nyembamba hadi ikalowa chapachapa. Kisha akaichana, akaikwaruza na kuisugua kama aliyepandwa na wazimu, na kila kitu kikawa vurugu tupu. Turner alikuwa amefuga ukucha mrefu wa dole gumba, na kwa ukucha huo alikwangua rangi ili weupe wa karatasi utokee pale alipotaka povu au mwanga. Polepole, kana kwamba ni kiinimacho, meli ikaanza kujitokeza na vikorombwezo vyake vyote. Kabla ya chakula cha mchana akatoka nayo mkononi, imekwisha: manowari kubwa mno inayopakia vyakula, ubavu wake umesimama kama ukuta wa ngome, na chini yake mashua ndogo zinarushwa na maji.

Mbele yake hapakuwa na daftari wala mchoro wa kuigiza. Asubuhi moja ilitosha, kwa sababu miaka zaidi ya 20 ya kutazama ilikuwa imetangulia.

Katika nyumba hiyohiyo, yapata mwaka 1810, ilipita mvua ya radi juu ya vilima. Turner alisimama mlangoni akiichora nyuma ya barua, akitamka kwa sauti ukubwa wake na fahari yake. Ilipokwisha alimwambia mtoto wa mwenyeji wake kwamba baada ya miaka miwili ataiona tena. Mwaka 1812 tufani ile ya Yorkshire ikaonekana London, katika maonyesho, ikimwangukia Hannibal na majeshi yake wakivuka milima ya Alps.

Siku za vanishi

Wasomaji waliowahi kuandaa banda la maonyesho wanajua kwamba kazi kubwa hufanywa usiku wa mwisho. Royal Academy ilikuwa na desturi ya kuwapa wanachama wake siku chache kabla ya ufunguzi, picha zikiwa zimekwisha kutundikwa, ili wazipake vanishi na kurekebisha kasoro ndogondogo. Ukutani picha zilibanana fremu kwa fremu, kutoka kiunoni mwa mtu hadi darini. Picha ya rangi za upole ikitundikwa kando ya picha kali humezwa, na msanii mwenye busara hutumia siku hizo kujihami.

Turner alizitumia kushambulia. Katika miaka yake ya baadaye alizoea kuleta turubai ambayo ndani yake hapakuwa na kitu ila mawingu ya rangi, akaikamilisha palepale ukutani. Mwaka 1835, katika maonyesho ya British Institution, alifika alfajiri akaanza kazi juu ya picha ya moto ulioteketeza majengo ya Bunge mwezi Oktoba 1834. Msanii mmoja aliyekuwapo aliandika kwamba kwa muda wote huo Turner hakurudi nyuma hata mara moja kuitazama kazi yake kwa mbali. Alipomaliza alikusanya vifaa vyake sandukuni, akafunga, akaondoka akiambaa na ukuta, bila kuaga mtu.

Lakini kisa kinachopendwa zaidi ni cha mwaka 1832. Turner alikuwa ameleta picha ya bahari ya Uholanzi, nje ya bandari ya Helvoetsluys: maji ya kijivu, anga la kijivu, meli na mashua, bila rangi kali hata moja. Kando yake ilitundikwa picha ya John Constable, mpinzani wake mkubwa, inayoonyesha kufunguliwa kwa daraja la Waterloo. Constable alikuwa ameishughulikia kwa miaka mingi, na siku hiyo alikuwa bado akiongeza nyekundu inayong'aa kwenye bendera na mapambo ya mashua. Turner aliingia, akasimama nyuma ya mwenzake, akaitazama picha ya daraja, akaitazama ya kwake. Akaenda chumba kingine kuleta ubao wake wa rangi. Akapaka duara moja jekundu, kubwa kuliko sarafu ya shilingi kidogo, juu ya bahari yake ya kijivu, akaondoka kimya.

Nyekundu zote za Constable zikafifia. Constable mwenyewe aliwaambia waliokuwapo kwamba Turner amepita hapo akafyatua bunduki. Baada ya siku moja na nusu, saa za mwisho kabisa, Turner alirudi, akalichonga duara lile kwa brashi likawa boya linaloelea baharini.

Nimewaeleza kisa hicho vijana kadhaa wanaouza picha za majahazi mjini, na kila mara hucheka. Kisha huuliza alitumia rangi gani.

Maonyesho ya mwaka 1840

Hadi hapa, ndugu msomaji, nimekupa habari za fundi na ufundi wake. Sasa yapasa tutazame fundi huyo aliutumia kusema nini, kwa kuwa mwaka 1840, akiwa na umri wa miaka 65, alileta katika maonyesho ya Trafalgar Square picha ya bahari ambayo watu wa mwambao wetu hawawezi kuipita kama picha ya mandhari.

Turubai yenyewe si kubwa: urefu wa kusimama sentimita 91 hivi, upana 123. Jua linatua, na mwanga wake umeipasua bahari katikati kama jeraha. Mawimbi ni ya dhahabu, ya damu, ya zambarau. Upande wa kushoto merikebu yenye matanga yaliyokunjwa inaielekea tufani. Mtazamaji wa haraka huishia hapo, akasifu machweo. Anwani ya picha ndiyo inayomrudisha, kwani Turner aliandika waziwazi kwamba hao ni wafanyabiashara ya watumwa wakiwatupa baharini waliokufa na wanaokufa, tufani ikija. Ukisoma hayo ukatazama tena, majini utaona mikono.

Wengi wa wanahistoria huihusisha picha hiyo na merikebu iliyoitwa Zong, ingawa wapo wanaopinga. Zong iliondoka Afrika Magharibi mwezi Agosti 1781 ikiwa imewashindilia watu 442. Maradhi yaliingia, nahodha na mabaharia wakakosea njia wakaipita Jamaica, na kuanzia tarehe 29 Novemba wakaanza kuwatupa watu baharini, wakiwa hai. Waliouawa walizidi 130. Sababu iliyotolewa ni upungufu wa maji ya kunywa. Sababu nyingine ilikuwamo katika hati ya bima: mtumwa aliyekufa kwa ugonjwa ni hasara ya mwenye merikebu, bali aliyetupwa ili kuokoa shehena nyingine huweza kulipiwa. Wenye merikebu walidai paundi 30 kwa kila kichwa. Mwaka 1783 shauri hilo lilisikilizwa London kama shauri la mali. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi wenye merikebu. Baadaye majaji wakaamuru lisikilizwe upya. Aliyezipeleka habari hizo kwa mtetezi wa watumwa Granville Sharp alikuwa Mwafrika, Olaudah Equiano, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa kuua.

Mtu aweza kuuliza kwa nini Turner alingoje karibu miaka 60. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ambayo iliwalipa mabwana fidia ya paundi milioni 20 na watumwa haikuwapa hata senti. Lakini merikebu za mataifa mengine zilikuwa zikiendelea kuwapeleka Waafrika Cuba na Brazil, na habari zilienea kwamba manahodha wakifukuzwa na meli za doria huwatupa watu majini ili wasikutwe nao. Mwezi Juni 1840, maonyesho yakiwa yangali wazi, London ilifanya mkutano mkubwa wa kimataifa wa kupinga utumwa. Picha ilikuwa imetundikwa kwa wakati wake.

Huku kwetu, mwaka huo wa 1840, soko la watumwa la Unguja lilikuwa likiendelea na shughuli zake, na halikufungwa hadi mwaka 1873. Wala tusidhani kwamba merikebu za Atlantiki hazikutuhusu. São José, merikebu ya Kireno, ilivunjika karibu na Cape Town mwezi Desemba 1794 ikiwa na watu zaidi ya 400 waliotolewa Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, wakipelekwa Brazil. Zaidi ya 200 walikufa maji. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba mabaki yake yametambuliwa chini ya bahari.

London ilipokeaje picha hiyo? Ilicheka. Wakosoaji waliona rangi zimezidi, wakauliza mnyororo wa chuma huelea vipi juu ya maji, wakamdhihaki mzee kwa samaki wake wa ajabu. Mwandishi mashuhuri Thackeray alisema kwamba hajui kama picha hiyo ni ya kutukuka au ya kuchekesha. Haikununuliwa katika maonyesho hayo.

Na hapa pana jambo ambalo wasifu wa Turner wa zamani haukuwa nalo, ambalo wataalamu wa karne hii wamelifukua katika kumbukumbu. Mwaka 1805, alipokuwa kijana wa miaka 30 anayeanza kuwa na akiba, Turner alitoa paundi 100 kununua hisa katika mradi wa shamba la mifugo huko Jamaica. Shamba hilo lilitegemea kazi ya watumwa. Mradi haukufanikiwa, lakini fedha aliitoa, na alijua ni kwa kazi ya nani ingezaa. Miaka michache baadaye alikuwa akila meza moja na Fawkes, mpinzani wa biashara hiyo, na kulala nyumbani kwake.

Wapo wanaosema kwamba picha ya mwaka 1840 ni toba. Wengine wanaona kwamba hisa ile yaivunjia picha heshima yake yote. Kwa maoni yangu hatuna haja ya kumpa Turner cheti cha usafi, wala kuitoa picha ukutani. Paundi 100 zilikuwa zake na brashi ilikuwa yake. Mtoto wa kinyozi aliyefuga ukucha kwa ajili ya povu la bahari aliishi katika jiji ambalo fedha zake nyingi zilipita juu ya maji yaleyale aliyoyachora, na mwishoni, alipoyachora kwa ukamilifu kuliko wakati wowote, alitia watu ndani yake.

Aliyeitetea picha hiyo kwa nguvu zote alikuwa kijana John Ruskin. Katika kitabu chake cha mwaka 1843 aliandika kwamba hiyo ndiyo bahari bora kupita zote alizopata kuchora Turner, na kwamba, kama angelazimika kuuthibitisha ukubwa wa msanii huyo kwa kazi moja tu, angeichagua hii. Alilieleza kila wimbi, kila kivuli, kila mwali wa jua juu ya maji. Kwamba merikebu ilikuwa ya watumwa, na kwamba majini mlikuwa na maiti, aliliweka katika tanbihi chini ya ukurasa.

Mwanzoni mwa mwaka 1844 baba yake Ruskin alimnunulia picha hiyo iwe zawadi ya mwaka mpya. Ikakaa nyumbani kwao miaka mingi. Hatimaye Ruskin aliiuza, kwa kuwa kukaa nayo kulimwia kuchungu.

Turner mwenyewe alifariki mwezi Desemba 1851 katika nyumba ndogo ya Chelsea, kando ya mto Thames, ambako aliishi kwa siri na mjane Sophia Booth, aliyekuwa mwenye nyumba ya wageni kule Margate. Majirani walimjua kwa jina la bwana Booth. Wengine walimwita Admiral, wakidhani ni mstaafu wa jeshi la majini. Juu ya paa palikuwa na uzio mdogo alikosimama kutazama mto na anga. Alizikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Katika wasia wake aliacha picha kwa taifa na fedha za kuwasaidia wasanii wazee wasiojiweza. Jamaa zake wakaupinga mahakamani: picha, michoro na madaftari vikaenda kwa taifa, na fedha nyingi zikaenda kwa jamaa. Urithi huo wa michoro na picha kwa makumi ya maelfu umehifadhiwa zaidi katika jumba la Tate, London.

Picha ya mwaka 1840 haimo. Ilivuka Atlantiki kwenda Marekani, na tangu mwaka 1899 imo katika Jumba la Sanaa la Boston. Binti yangu nilimwonyesha nakala yake iliyochapishwa kitabuni. Alilitazama jua kwa muda mrefu, kisha merikebu, kisha kidole chake kikashuka hadi pembe ya chini ya kulia, ambapo samaki wamekusanyika na shakwe wanazunguka, na mguu mmoja wa mtu umetokeza juu ya maji, ukiwa na pingu.